Kateni Madai, Lakini Mseme kwa Nini: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Bima ya Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Kamishna wa Bima, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA),
Kwa wakuu wa vitengo vya madai katika mifuko na kampuni zote zinazolipia matibabu ya Watanzania,

YAH: MADAI YA MATIBABU YANAYOKATWA BILA MAELEZO

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Temeke. Mimi ni afisa madai katika kliniki binafsi. Mgonjwa akishamwona daktari, akapita maabara, akachukua dawa dirishani na kusaini fomu, yeye anakwenda zake nyumbani na fomu inakuja kwangu. Kuanzia hapo kazi yangu ni kuhakikisha kliniki inalipwa kwa huduma ambayo imekwisha kuitoa. Tunahudumia wanachama wa walipaji kadhaa, na barua hii inahusu yale ambayo walipaji hao hawayalipi. Sisi wa dawati la bima tunayaita makato.

Nitangulize ombi langu ili msome mengine mkilijua. Sisemi madai yetu yalipwe yote bila kuguswa. Naomba kila shilingi inayokatwa iandikiwe sababu yake, kwenye mstari wake, kwa maneno ambayo tabibu aliyeandika dawa atayaelewa. Naomba mtoa huduma apewe muda wa kutosha wa kujibu, na mlipaji naye awe na muda unaombana. Na pale tunaposhindwa kukubaliana, awepo mtu wa tatu wa kutuamua.

Kwa wasiojua kazi hii, inakwenda hivi. Mwenye kadi akifika mapokezi, kadi inahakikiwa kwenye mfumo na inatoka namba ya idhini. Bila namba hiyo hakuna dai. Daktari anaandika ugonjwa kwa misimbo ya ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani: I10 ni shinikizo la juu la damu, E11 ni kisukari cha aina ya pili, N39.0 ni maambukizi ya njia ya mkojo. Ada ya kumwona daktari, kila kipimo na kila dawa vinakaa kwenye mistari yake, kila mstari na bei iliyokubaliwa. Mwezi ukiisha tunafunga hesabu, tunatuma, tunasubiri. Malipo yakija huwa yamepungua, na yanafuatana na jedwali la makato.

Sasa tazameni dai moja. Mgonjwa ni mama mtu mzima, tegemezi wa mwanawe aliyeajiriwa. Fomu yake ina mistari sita: ada ya daktari, kipimo cha sukari, kipimo cha mkojo, amlodipine na losartan ambazo ni dawa za shinikizo la damu, na metformin ambayo ni dawa ya kisukari. Kwenye nafasi ya ugonjwa daktari ameandika I10 peke yake. Foleni siku ile ilikuwa ndefu, na E11 haikuandikwa. Mhakiki wa mlipaji amepitisha kipimo cha sukari, na majibu yake yapo hapohapo kwenye karatasi: 14.2, juu sana ya kawaida. Amelipa amlodipine, amelipa losartan. Akafika kwenye metformin akaikata, na pembeni akaweka sababu: "haiendani na ugonjwa".

Mtu yeyote aliyesomea tiba akiitazama karatasi ile anaona kuwa mama yule ana kisukari. Kipimo ambacho mlipaji mwenyewe amekilipia ndicho kinachosema hivyo. Mgonjwa amekwisha kumeza dawa, na kliniki imekwisha kuinunua kwa mali kauli kutoka duka la jumla Kariakoo, ambako mwenye duka anataka fedha yake tarehe aliyoahidiwa. Hakuna aliyeuliza kama ugonjwa mmoja umesahauliwa kuandikwa. Mstari umefutwa tu.

Najua jibu litakalokuja: daktari aandike vizuri. Ni kweli, na kwetu jambo hilo linasemwa kila kikao cha Jumatatu. Lakini dai lililopungukiwa na maandishi ni jambo moja, na dai la huduma ambayo haikustahili kutolewa ni jambo jingine kabisa. La kwanza linapaswa kurudishwa likamilishwe, la pili linapaswa kukataliwa. Walipaji wengi tunaofanya nao kazi wanayatia yote kapu moja na kuyaita makato. Tarakimu ya namba ya kadi iliyogeuka, saini ya mgonjwa iliyopita nje ya kisanduku, tarehe iliyoandikwa kwa mwaka uliopita kwa sababu ni wiki ya kwanza ya Januari, yote hayo yanapata adhabu ileile anayopata mtu aliyedai kipimo ambacho hakukifanya.

Halafu kuna sababu zisizosema chochote. Ninayoiona mara nyingi kuliko zote ni "si kwa mujibu wa mkataba". Mkataba una vifungu vingi. Ni kifungu kipi? Je, dawa haimo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma anazolipiwa mwanachama huyu? Idadi ya vidonge imezidi? Mgonjwa amerudi ndani ya siku ambazo ada ya daktari hailipwi mara ya pili? Mlipaji mmoja aliwahi kutumia maneno hayohayo kwa makosa matatu tofauti katika jedwali moja, na tulipompigia simu, aliyepokea alituambia tuandike barua. Tukaandika. Jibu lilikuja na maneno yaleyale.

Kukata kwa haki kunawezekana, na wapo wahakiki wanaofanya hivyo. Mwongozo wa matibabu wa taifa pamoja na orodha ya dawa muhimu, toleo la 2021, umezipanga dawa kwa ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya mkoa, na S ni hospitali za kibingwa. Mhakiki akiniandikia kwamba dawa fulani ni ya ngazi C na kituo chetu kiko chini ya hapo, sibishani naye. Naichukua karatasi ile hadi chumba cha daktari, anasoma, tunaelewana, na kosa halijirudii. Sababu moja iliyoandikwa namna hiyo imetufundisha zaidi ya majedwali ya mwaka mzima yenye maneno ya jumla.

Nizungumzie na udanganyifu, kwa sababu kila tunapolalamika tunajibiwa kwa neno hilo. Udanganyifu upo. Wapo wanaojaza fomu kwa mgonjwa ambaye hakufika, wapo wanaoandika sindano badala ya vidonge kwa sababu sindano inalipa zaidi, na wapo wanachama wanaoazimishana kadi. Watu hao wanaiba michango ya walimu, manesi na askari, na wakikamatwa wafikishwe kwenye mabaraza ya taaluma zao na mahakamani. Mimi binafsi ningependa wakamatwe haraka zaidi, maana ni kwa sababu yao sisi wengine tunatazamwa kama wezi. Lakini kukata metformin ya mama mwenye sukari 14.2 hakumkamati mwizi yeyote. Mwizi anajua kujaza fomu. Fomu zake huwa safi, misimbo imekamilika, saini zote zipo. Anayeumizwa na ukaguzi wa kutazama visanduku ni daktari mwenye foleni ndefu anayeandika kwa haraka.

Na hapa ndipo penye jambo linalonifanya niandike hadharani badala ya kuendelea na barua za ofisini.

Daktari akikatwa mara nyingi bila kuelezwa, anabadilika. Anaanza kumwandikia mhakiki badala ya kumwandikia mgonjwa. Anajifunza kwamba antibayotiki fulani inapita ikiwa pembeni kuna N39.0, basi N39.0 inaanza kuonekana kwenye fomu za watu ambao hawajawahi kulalamika mkojo. Anajifunza kwamba ugonjwa mmoja kwenye fomu ni hatari, basi anaweka mitatu kwa tahadhari. Hataki kumwibia mtu; dawa anayoiandika mgonjwa anaihitaji kweli. Anataka tu mstari wake usifutwe. Matokeo yake, kumbukumbu ya mgonjwa inajaa magonjwa ambayo hana. Siku mgonjwa huyo akipewa rufaa kwenda hospitali kubwa, daktari bingwa anasoma historia isiyo ya kweli.

Na haishii kwenye faili la mtu mmoja. Magonjwa hayohayo yanajumlishwa kwenye taarifa za MTUHA, mfumo wa taifa wa takwimu za huduma za afya, na madai hayohayo ndiyo mtakayoyatumia kukadiria kitita cha mafao kinagharimu kiasi gani. Mheshimiwa Waziri, mipango ya nchi inapikwa kwa takwimu zinazotoka kwenye madawati kama langu. Makato yasiyoeleweka yanazitia sumu takwimu hizo kimyakimya, na hakuna mkaguzi atakayeligundua hilo kwa kuhesabu saini.

Mgonjwa naye analipa kwa njia yake. Dawa ikishakatwa mara tatu nne, uongozi wa kituo unaamua, na siwezi kuulaumu: dawa hii kwa wenye kadi ya mlipaji huyu tusiitoe tena, walipie taslimu. Uamuzi huo unatekelezwa dirishani na msichana wa dawa ambaye hana mamlaka yoyote. Nimekuwepo bibi mmoja alipoambiwa hivyo. Akauliza taratibu, "Mjukuu wangu, mwanangu anakatwa kila mwezi kwenye mshahara. Leo nilipe tena?" Msichana akajibu, "Bibi, samahani, bima yako hii dawa haiitoi." Jibu hilo halikuwa la kweli. Kwenye orodha ya mlipaji dawa ile ilikuwamo. Kilichokuwapo ni woga wa kukatwa, na bibi hakuwa na namna ya kujua, kwa sababu jedwali la makato halimfikii mwanachama. Alitoa fedha iliyofungwa kwenye pindo la khanga, akanunua dawa za siku tano badala ya mwezi.

Mtasema, kwa nini vituo havipingi makato hayo? Vinapinga, kwa makato makubwa. Upasuaji ukikatwa, mganga mfawidhi mwenyewe anaamka. Lakini kupinga mstari wa shilingi elfu nne ni kutafuta faili, kudurufu fomu, kuambatanisha majibu ya maabara, kumwomba daktari aandike maelezo, kupeleka, kufuatilia. Gharama ya kupinga inazidi fedha inayopingwa, hivyo tunaacha. Na makato madogo ndiyo mengi. Sidai kwamba kuna mlipaji aliyekaa akapanga iwe hivyo. Nasema kwamba mfumo unaomfaidisha anayekata kila anayekatwa anapochoka unahitaji msimamizi wa kuutazama, na msimamizi ni nyinyi.

Marekani, ambako bima ya matibabu ina matatizo mengi ambayo sitamani yaje kwetu, wamelipitia jambo hili kabla yetu. Uchambuzi wa KFF, shirika la huko la utafiti wa sera za afya, ulionyesha kwamba mwaka 2023 kampuni zinazouza bima kupitia soko la serikali la HealthCare.gov zilikataa asilimia 19 ya madai ya huduma zilizotolewa na vituo vilivyo kwenye mtandao wao, na rufaa zilizokatwa na wanachama hazikufika asilimia 1 ya madai yaliyokataliwa. Watu huchoka huko kama huku. Lakini wana mambo mawili ambayo sisi hatuna. La kwanza, sheria yao ya 1996 iliyoweka viwango vya kubadilishana taarifa za bima imewafanya walipaji watumie misimbo ya sababu ya aina moja: 16 ni taarifa zimepungua, 18 ni dai limerudiwa, 29 ni muda wa kuwasilisha umepita, 50 ni huduma haikuonekana kuwa ya lazima kitabibu. Karani wa Texas na karani wa Ohio wakiona 16, wote wanajua dai linasubiri kukamilishwa. La pili, sheria yao ya bima ya afya ya 2010 inampa mwanachama haki, kwa masuala ya kitabibu, ya kupeleka shauri lake kwa mhakiki huru asiyetoka kwenye kampuni iliyokataa. Mambo hayo mawili hayahitaji utajiri wa Marekani. Msimbo ni orodha ya ukurasa mmoja au miwili. Mhakiki huru ni jopo la madaktari na wafamasia wachache wenye ratiba.

Machi 2024 nchi nzima ilisikia mvutano wa bei, pale kitita kipya cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kilipoanza kutumika na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama wake. Magazeti yalijaa bei. Bei ni jambo kubwa na wapo wanaolijua kuliko mimi. Ila katika mjadala wote ule sikusikia mtu akiuliza kuhusu makato, wakati kwa kituo kidogo mstari uliofutwa ni bei ya sifuri, hata kama kwenye kitita imeandikwa bei nzuri kiasi gani.

Wakati wa kurekebisha ni sasa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Wakati muswada ule unajadiliwa, serikali ilisema Watanzania walio kwenye bima ya afya ni kama asilimia 15. Tukichukua namna hii ya kuhakiki madai na kuipeleka kwa wakulima, mama lishe, bodaboda na wavuvi, watu ambao watakuwa wanatoa mchango kutoka mfukoni na si kwenye mshahara, hawatavumilia kama alivyovumilia bibi yule. Wataambiwa mara moja kwamba dawa hailipiwi, na mwaka unaofuata hawatalipa mchango. Mwenye mshahara anakatwa apende asipende. Muuza samaki wa Feri anajiamulia mwenyewe.

Kwa hiyo, Kamishna, tunga orodha moja ya sababu za makato na uilazimishe kwa walipaji wote, wa umma na wa binafsi, na kila sababu itaje kifungu au mwongozo inaousimamia. Upungufu wa maandishi usiwe makato mpaka kituo kirudishiwe dai na kushindwa kulikamilisha. Mstari wa dawa au kipimo ukikatwa kwa hoja ya kitabibu, akate mtu mwenye taaluma ya tiba au famasia, na cheo chake kionekane kwenye jedwali. Sisi tukichelewa kuwasilisha tunakosa fedha yote. Mlipaji naye akichelewa kujibu pingamizi, mstari uliopingwa ulipwe. Hilo la mwisho najua litapigiwa kelele, na ndilo ninalolishikilia zaidi, kwa sababu bila hilo mengine yote yatabaki kwenye karatasi.

Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya 2009. Naomba ofisi hiyo, au nyingine mtakayoona inafaa, iwe na dawati la madai ya matibabu, ambalo kituo kidogo kinaweza kulifikia kwa kupakia nyaraka mtandaoni bila wakili na bila kupanda basi kwenda popote. Na kila robo mwaka kila mlipaji aitangazie TIRA amekata kiasi gani, kwa sababu zipi, na kiasi gani kilirudishwa baada ya kupingwa, kisha TIRA iyaweke hadharani kwa majina. Mwajiri anayechagua bima ya wafanyakazi wake ana haki ya kujua nani anakata hovyo.

Wakuu wa vitengo vya madai, kwenu nina ombi dogo linaloweza kuanza wiki ijayo bila sheria wala kanuni. Waiteni maofisa madai wa vituo, wakae meza moja na wahakiki wenu, kila mmoja na mafaili ya mwezi mmoja. Mfungue mistari iliyokatwa, mmoja baada ya mwingine, mhakiki aseme alichokiona na sisi tuseme kilichotokea kwenye chumba cha daktari. Mimi nitakuja na faili la mama yule mwenye kipimo cha 14.2, na mengine ya namna hiyo, yakiwa yamefutwa majina.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Afisa madai, kliniki binafsi,
Temeke, Dar es Salaam